Sifuri Tatu, Mtaro Mmoja

Mlangoni pa mgahawa mdogo wa mama lishe mmoja, bondeni Kinondoni jijini Dar es Salaam, kuna kizingiti cha matofali mistari miwili. Mstari wa kwanza aliujenga baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini. Wa pili aliuongeza miaka kadhaa baadaye, masika ambayo maji yalipanda juu ya ule wa kwanza yakamzimia jiko. Nilipofika na futi yangu, nilimwamkia nikamwomba ruhusa ya kupima. Sentimita 46 kutoka usawa wa barabara. “Pima na hapa, mwanangu,” akaniambia, akinionyesha ukutani alama ya tope iliyokauka, kiganja kimoja juu ya kizingiti. “Haya ni ya mwaka huu.”

Kwenye kompyuta yangu, modeli ya mtaa huohuo ilisema mvua ya ukubwa ule ingefikisha maji sentimita 20 pale mlangoni. Programu haikuwa na kasoro yoyote. Hesabu zilifunga, michoro ilipendeza, na ripoti ilikuwa imeshachapwa. Tatizo lilikuwa kalavati iliyo mita 80 chini ya mgahawa. Mimi niliichora tupu na safi, kama ilivyo kwenye mchoro wa mkandarasi. Yenyewe ilikuwa imejaa mchanga hadi nusu.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nilitazame upya swali la kusanifu mitaro ya maji ya mvua kwa kompyuta: kazi ipi ni ya programu, na ipi haiwezi kuifanya hata ikisasishwa kila mwaka? Kwa uzoefu wangu, makosa yanayozamisha watu hayatoki katikati ya modeli, kwenye zile hesabu tunazozilipia leseni. Hutoka pembezoni, pale modeli inapoipokea mvua na ardhi, pale inapoyatoa maji, na kwenye vitu tunavyosahau kuiambia kwamba vimo ndani ya mtaro.

Hesabu zenyewe ni za zamani kuliko wahandisi wote walio hai. Kanuni inayogeuza mvua kuwa mtiririko, kwa kuzidisha eneo, ukali wa mvua na namba ya utiririkaji, ilielezwa na Mulvaney kule Ireland mwaka 1851, na Kuichling akaitumia kwa mitaro ya Rochester, Marekani, mwaka 1889. Mwaka huohuo wa 1889 Robert Manning, naye wa Ireland, aliwasilisha fomula ya mwendo wa maji ambayo leo imo ndani ya karibu kila programu ya mitaro. SWMM, programu ya shirika la mazingira la Marekani, ilianza mwaka 1971 na hugawiwa bure. HEC-RAS ya kikosi cha wahandisi wa jeshi la nchi hiyo nayo ni bure. Programu ya usanifu ya Civil 3D inagharimu fedha nyingi, na inazistahili kwa michoro na nyuso za ardhi, lakini ikifika kwenye maji inarudi kwa Manning yuleyule. Maana yake ni kwamba kijana mwenye kompyuta ya kawaida pale Mbeya anaweza kufanya hesabu ileile inayofanywa na kampuni kubwa. Wanachoweza kuzidiana ni ubora wa wanachokiingiza.

Tuone inavyokuwa kwa namba. Chukua mtaa wa hekta 5.5 uliojengwa kiasi cha kutosha, namba ya utiririkaji 0.65, mvua ya milimita 105 kwa saa. Zidisha, gawanya kwa 360, unapata mita za ujazo 1.04 kwa sekunde. Sasa tafuta mtaro wa kuyabeba hayo: upana sentimita 90, kina cha maji sentimita 75, mteremko wa sentimita 30 kwa kila mita 100, kuta za zege laini zenye ukwaruzo wa 0.015. Programu inajibu mita za ujazo 1.06. Umepita. Rangi ya kijani inawaka, unaendelea na mtaro unaofuata.

Lakini fundi akijenga kwa mawe, kama ilivyo desturi mitaa mingi kwa sababu mawe ni nafuu na yanatoa ajira, ukwaruzo unakuwa karibu 0.025. Mtaro uleule sasa unabeba 0.63. Rudisha zege laini, kisha weka sentimita 20 za mchanga chini, kiasi ambacho utakikuta kwenye mtaro wowote wa Dar es Salaam wiki chache baada ya mvua za kwanza: unabeba 0.71. Weka mawe na mchanga pamoja: 0.43. Chini ya nusu ya kilichoandikwa kwenye ripoti, na hakuna aliyekosea kuzidisha.

Ndiyo maana siku hizi kila mtaro naupitisha mara tatu kwenye programu. Mara ya kwanza ukiwa mpya. Mara ya pili nikiwa nimeujaza mchanga robo ya kina chake, jambo ambalo SWMM inaliruhusu waziwazi kwa mabomba ya duara, kwani ina sehemu ya kuandika yamejaa kiasi gani; kwa mtaro wa mstatili napunguza kina mwenyewe. Mara ya tatu nikiwa nimeongeza mvua kwa asilimia 20. Kazi yote inachukua nusu saa. Mtaro unaofaulu mara ya kwanza tu haujafaulu.

Kuhusu mvua kuna mtego mwingine ambao wengi wetu tumenaswa nao. Mtaro wa mtaa haushughuliki na mvua ya siku nzima. Unashughulika na dakika 15 au 20, muda ambao tone lililoanguka kwenye paa la mbali kabisa linahitaji ili lifike mwisho wa mtaro. Kumbukumbu zetu nyingi za mvua, kwa upande mwingine, zimepimwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi. Kuivunja namba ya siku iwe namba ya dakika kunahitaji ujuzi wa mvua za mahali penyewe. Bahati nzuri kazi hiyo ilifanyika. Fiddes, Forsgate na Grigg, wakiwa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, walichapisha mwaka 1974 uchambuzi wa mvua kali za Afrika Mashariki, na mwaka 1976 Fiddes akafuatisha na modeli ya mafuriko kwa makalavati ya eneo letu.

Kilichomo mle ni kitu ambacho anayeishi huku anakijua kwa ngozi yake. Mvua ya bara, Dodoma tuseme, hutua kwa kishindo na kwisha: kwa fomula yao, saa moja yenye nguvu zaidi inaweza kubeba karibu theluthi mbili za mvua ya siku. Mvua ya pwani hurefuka, na saa hiyo moja haifiki nusu. Kwa hiyo siku mbili zenye milimita 100 kila moja, moja Dodoma na moja Tanga, ni mvua mbili tofauti kabisa kwa mtaro. Sasa fungua orodha ya mifumo ya mvua iliyomo tayari kwenye programu nyingi. Utakuta Type I, IA, II na III. Hiyo ni mikoa ya Marekani. Type II ndiyo inayochaguliwa sana, pengine kwa sababu imezoeleka darasani, na nimeiona kwenye ripoti za miradi ya huku bila hata sentensi moja ya kueleza imefikaje. Kuitengeneza mvua ya mahali pako na kuibandika kama jedwali la muda ni kazi ya asubuhi moja, na faili hilo litakutumikia miaka.

Nayo data ya 1974 imezeeka, hilo halina ubishi. Na mvua kubwa bado zinaua: mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu wa Tanzania aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mvua za msimu ule. Hapo ndipo nyongeza ya asilimia 20 niliyoitaja inapopata uzito, na hapo ndipo mteja anapostahili kuelezwa vizuri maana ya “mvua ya miaka 10”. Wengi huielewa kwamba itarudi baada ya miaka kumi. Kila mwaka ina nafasi moja kati ya kumi, na ndani ya miaka kumi uwezekano wa kuiona angalau mara moja ni asilimia 65. Diwani anayeambiwa hivyo kabla ya ujenzi huuliza maswali mazuri zaidi kuliko anayeambiwa baada ya nyumba kujaa.

Tuje kwenye ardhi. Picha ya miinuko inayopakuliwa bure na wengi ni SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000. Kila kipande chake kina upana wa mita 30. Ndani ya mita 30 za Manzese unapata nyumba tatu, uchochoro, mtaro na choo, vyote vikiwa namba moja, na mara nyingi namba hiyo ni ya mapaa. Inafaa kuonyesha mto Msimbazi unavyoshuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe. Kusanifu mtaro wenye mteremko wa sentimita 30 kwa mita 100 kwa data ambayo kosa lake la kimo ni mita kadhaa ni kubahatisha. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, uliowatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe, ulionyesha njia nyingine: kutembea mtaro kwa mtaro na simu mkononi, kurusha droni, na kuweka yote kwenye ramani huria. Mtu akitaka kuanza mradi Tandale leo haanzi na karatasi nyeupe.

Hata ukiwa na vipimo vizuri, namna unavyoviunganisha inaweza kuviharibu. Civil 3D hujenga uso wa ardhi kwa kuunganisha nukta kuwa pembetatu. Usipoichorea mistari ya kingo za barabara na midomo ya mitaro, pembetatu zitaruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na kujenga ukuta ambao haupo, au zitafukia mtaro uliopo. Kwenye mistari ya kontua huoni kirahisi. Ipo amri ya kudondosha tone la maji juu ya uso na kulifuata linakoteremka. Mimi huyadondosha mengi, hasa kwenye njia panda na mbele ya mageti, na kila tone linaposimama katikati ya barabara bila sababu naacha kila kitu nikatafute kwa nini. Mara nyingi ni mstari uliosahaulika. Mara nyingine ni shimo la kweli, na hapo nimeokoa fedha za mtu.

Yote hayo ni madogo mbele ya suala la sifuri, na hili nitalikalia zaidi kwa sababu linauma sana miji ya pwani. Mpima ardhi, rubani wa droni na nahodha wa meli wote husema “mita mbili juu”, lakini kila mmoja anaanzia kuhesabu mahali pake. GPS hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia. Nguzo za upimaji wa nchi kavu hupima kutoka usawa wa wastani wa bahari. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji bandarini huanzia karibu na kiwango cha chini kabisa cha maji kupwa. Kwa Dar es Salaam, sifuri ya kwanza na ya pili zinatofautiana kwa zaidi ya mita 20, na hiyo ni salama, kwa sababu kosa la mita 20 hata mtoto ataliona. Sifuri ya pili na ya tatu zinatofautiana kwa takribani mita mbili. Hilo ndilo kosa baya, kwani mita mbili hazimshtui mtu. Modeli inaendelea kufanya kazi, maji yanatoka kwenda baharini vizuri kwenye skrini, na ukweli ni kwamba mdomo wa mtaro uko chini ya maji ya chumvi.

Ramani nazo zina mtego unaofanana. Michoro ya zamani ya Tanzania na Kenya iko kwenye mfumo wa Arc 1960, na simu yako iko kwenye WGS 84. Ukiweka moja juu ya nyingine bila kubadilisha, vitu vinasogea karibu mita 300. Kosa hili angalau linaonekana kwa macho, mtaro ukipita katikati ya msikiti.

Rudi kwenye mdomo wa mtaro. Tuseme mtaro wa upande wa Upanga unamwaga baharini, na sakafu ya mdomo wake iko sentimita 40 juu ya usawa wa wastani wa bahari. Siku za bamvua bahari inapanda kiasi cha mita 1.6 juu ya usawa huo. Kina cha maji ya bahari mlangoni mwa mtaro ni mita 1.2, na kwa mteremko wetu wa sentimita 30 kwa mita 100, bahari inaingia ndani ya mtaro hadi mita 400 kabla tone moja la mvua halijaanguka. Mvua ikija saa hiyo, mtaro hauna pa kumwaga. Tena bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, na Machi ndiyo masika yanapoingia. Wavuvi wa Kunduchi hawahitaji kuelezwa hili. Wasanifu wengi tunahitaji, kwa sababu modeli nyingi ninazokabidhiwa kukagua zina mdomo ulioachwa kwenye chaguo la “huru”, maana yake maji yanaanguka kwenye shimo lisilojaa kamwe.

SWMM inakubali mdomo wenye kimo kimoja kisichobadilika, au unaofuata kujaa na kupwa saa kwa saa. Weka bamvua. Kisha angalia njia ya hesabu uliyochagua. Ziko tatu, na mbili kati yake, ile ya mtiririko usiobadilika na ile inayoitwa kinematiki, hudhani maji yanakwenda mbele tu. Hazioni maji yanayorudi nyuma. Ukiweka bahari mlangoni na kuacha njia ya kinematiki, umeiambia programu kitu ambacho haina macho ya kukiona. Ni njia ya tatu, ya mwendo kamili wa wimbi, inayoyaona. Inakwenda polepole na inahitaji hatua fupi za muda, sekunde chache badala ya dakika, lakini pwani haina mbadala. Mombasa, Tanga, Unguja, kote ni hivyohivyo. Unguja jina la Darajani bado linatukumbusha kwamba palikuwa na mkono wa bahari uliohitaji daraja. Ulifukiwa, ila maji ya mvua hayakupewa taarifa.

Kuna kosa jingine la SWMM ambalo napenda kila kijana anayeanza alijue mapema. Chemba ikifurika na hukuruhusu maji yatuame, maji yaliyozidi yanafutwa kwenye modeli. Yanapotea. Mtaro wa chini unaonekana una nafasi tele, kumbe ni kwa sababu maji yake yameshatupwa nje ya dunia huko juu. Nimewahi kupongezwa kwa mtaro wa namna hiyo. Siku hizi kabla ya kutazama mchoro wowote nasoma kwanza mistari ya mwisho ya ripoti: maji yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki, yaliyofurika. Hesabu hiyo isipofunga, sitazami kingine.

Na maji yaliyofurika yanakwenda wapi kwa kweli? Barabarani. Mtaro wa mvua ya miaka 5 au 10 utazidiwa, ndivyo ulivyosanifiwa, na siku hiyo barabara yenyewe ndiyo inageuka mto. Kwa hiyo barabara nayo inapaswa kusanifiwa kama mtaro wa pili: ichongwe chini kidogo ya viwanja, iwe na njia isiyokatika hadi bondeni. Huku kwetu tunafanya kinyume. Barabara inapandishwa tuta, inaongezwa lami juu ya lami, na nyumba zilizokuwa sawa nayo zinabaki chini, milango ikitazama ukuta wa lami. HEC-RAS ya sasa inaweza kunyesha mvua juu ya uso wote wa mtaa na kuonyesha maji yanavyotafuta njia kati ya nyumba. Napendekeza ifanywe mara mbili, kwa barabara ya zamani na kwa barabara inayopendekezwa, na ramani hizo mbili zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kabla mkandarasi hajapewa kazi. Kila mtu aitafute nyumba yake.

Kwa yule mama lishe nilirudi na modeli iliyorekebishwa. Nilijaza mchanga kwenye kalavati nikaweka na mawe mahali pa zege. Ikanipa sentimita 51, ilhali alama yake ukutani ilisoma 55. Hapo ndipo nilipoanza kuiamini. Alichotaka kujua yeye kilikuwa kingine kabisa: mtaro mpya ukishajengwa, nani atauzoa mchanga, na ataufunuaje?

Swali hilo halimo kwenye programu yoyote, kwa hiyo nililihesabu kwa mkono mbele yake. Mfuniko wa kawaida wa zege juu ya mtaro wa sentimita 90 huwa na urefu wa mita 1.2, upana sentimita 60 na unene sentimita 10. Uzito wake ni karibu kilo 180. Vijana wanne wenye nguvu watauinua, kwa shida, na wakiutua vibaya utavunjika. Ukiupunguza upana uwe sentimita 30 na kuuwekea masikio ya nondo pande mbili, unapata kilo 90, na watu wawili wanaweza kuuinua upande mmoja na kuusogeza kwa mtaimbo. Nilibadilisha mchoro: mfuniko mwembamba mmoja kila mita tatu, na mmoja zaidi palepale juu ya mdomo wa kalavati. Mama akauliza masikio hayo yatadumu, maana vyuma mtaani huibwa. Tukakubaliana yachomelewe kwenye nondo za ndani kabla ya zege kumwagwa.